Upasuaji wa ngiri ya kinena: thieta safi, kuruhusiwa ovyo

Kwa mtu mzima, ngiri ya kinena haiponi kwa mizizi wala kwa mkanda. Ukuta wa tumbo umeachia, utumbo unapenya, na hapo pa kuziba ni kwa upasuaji. Mimi nauza nafaka Morogoro, magunia ndiyo kazi yangu, kwa hiyo sikusubiri ibane. Ikibana, uvimbe unakuwa mgumu, unauma, haurudi ndani na unaanza kutapika: hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Hospitali jina naliacha. Aliyenifurahisha ni nesi wa maandalizi. Aliniuliza dawa zote ninazotumia, za kienyeji zikiwemo, na kikohozi alikikazania sana, maana kila ukikohoa tumbo linasukuma mshono. Chakula mwisho masaa 6 kabla ya ganzi, maji matupu mwisho masaa 2. Chai ya maziwa aliihesabu chakula! Akanikataza pia kujinyoa kwa wembe nyumbani, kwa kuwa mikwaruzo midogo inakaribisha vijidudu. Nywele walizipunguza wenyewe kwa mashine.

Ganzi ilikuwa ya sindano ya mgongoni. Nilikuwa macho, nawasikia wakibishana Simba na Yanga huku wananiwekea wavu wa kuimarisha ukuta. Thieta naipa nyota 5.

Kuruhusiwa naipa 2. Karatasi ilikuwa na majina ya dawa na tarehe ya kurudi, basi. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba korodani inaweza kuvimba na kugeuka rangi ya bilinganya. Mke wangu alitaka turudi usiku uleule. Nesi wa zamu akatutuliza kwa simu: ni damu imeshuka chini, itaisha yenyewe, nirudi nikipata homa, usaha, mkojo ukigoma, au uvimbe ukizidi kukua. Sasa hayo si yangeandikwa tu?

Choo nacho hawakukigusia. Tramadol, dawa ya maumivu, inafunga choo, na kujikamua ukiwa na mshono mbichi ni adhabu. Papai, maji mengi, mboga za majani na ugali wa dona ndivyo vilivyoniokoa. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kandamiza mto juu ya mshono kwanza. Ukiamka, geukia ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Na tembeatembea mapema, usilale tu eti unatunza kidonda.

Ule mkanda mpana wa tumbo unaouzwa nje ya geti, kwa ngiri ya kinena sikuona kazi yake: unabana juu, shida iko chini. Chupi ya kubana inayobeba korodani ilinifaa zaidi, tena kwa bei ya sokoni.

Vitu vizito daktari alinikataza kwa wiki 6. Kwa sisi tunaokula kwa jasho la siku, hiyo ndiyo gharama yenyewe, haimo kwenye bili na bima hailipi. Nilimweka kijana wa kunibebea magunia, na ujira wake niliutenga kabla sijapanga tarehe ya upasuaji.