Watu 9 chini ya paa moja karibu na bahari: uzoefu wangu wa siku 4

Tulikuwa watu wazima 7 na watoto wawili. Mdogo wetu ana miaka 4, na mkubwa wetu, shangazi, ana 62 na goti linalomsumbua. Tulitaka mahali pa kupumzika tu, pasipo ratiba ya kukimbizana nayo. Hoteli tulizoziangalia zingetugawa vyumba vinne, ghorofa tofauti, ikifika jioni kila mtu na mlango wake. Tukaamua kuchukua nyumba ambayo wenyewe wanaishi humo humo: mume na mke wanakaa upande wa nyuma, wageni wanakaa upande wa mbele, na baraza ni la wote.

Na nianze na hilo baraza, kwa sababu muda wetu mwingi uliishia pale. Limeelekea bahari. Sakafu yake ni ya saruji iliyosuguliwa miaka mingi mpaka imekuwa laini kama ndani ya bakuli, ukilala kifudifudi mchana unasikia ubaridi wake tumboni. Asubuhi hewa imetulia. Kuanzia saa 4 hivi, nchi kavu ikishapata joto kuliko maji, upepo unaanza kuingia kutoka baharini na hauachi mpaka jioni. Usiku unageuka, unatoka bara kuelekea baharini. Aliyejenga nyumba ile alilijua hilo, maana kila chumba kina madirisha pande mbili zinazotazamana. Kila usiku tulilala bila kuwasha feni.

Tulifika kabla kidogo ya saa 5 asubuhi, tukakuta bahari haipo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyoonekana: mchanga, miamba, majani ya baharini, na mstari wa maji uko mbali kule. Mmoja wetu alinuna waziwazi, akasema tumeuziwa picha. Mwenye nyumba akatupeleka kwenye mlango wa jiko. Pale amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono, saa za maji kujaa na kupwa kwa siku zetu zote. Akatueleza kwamba mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo tumekuja na maji ya bamvu: yakipwa yanakwenda mbali sana, na yakijaa yanapanda sana. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika chache, na kila siku saa hizo zinasogea mbele, kwa wastani dakika 50. Saa 11 jioni mawimbi yalikuwa yanapiga ngazi ya chini ya baraza, na yule aliyenuna ndiye wa kwanza kuingia majini.

Kwa hiyo ukitazama tangazo la nyumba yoyote ya ufukweni, jua kwamba mara nyingi picha hupigwa maji yakiwa yamejaa. Waulize wenyewe mapema maji yatakuwaje kwa tarehe zako. Sisi hatukuuliza, ikatokea tu kwamba bamvu ndiyo iliyotupa siku nzuri kuliko zote. Asubuhi ya pili, maji yamepwa, mama mwenye nyumba aliwachukua watoto hadi kwenye madimbwi ya miambani. Wakamwona kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, wakamwona kaa aliyejificha ndani ya kombe la konokono aliyekwisha kufa, akilibeba mgongoni kama nyumba. "Mguse kwa kidole kimoja, mwanangu, usimng'oe," alimwambia yule mdogo. Sisi wakubwa akatuonya jambo ambalo sikuwa nalijua: maji yakianza kurudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kwa hiyo usisubiri uyaone yanakuja kwa mbele.

Mumewe naye alituonyesha sehemu kati ya miamba ambapo mawimbi hayavunjiki. Kwa macho ndipo panapopendeza kuogelea, pametulia. Kumbe mkondo wa maji yanayotoka kurudi baharini unapita pale. Ukikubeba, usipambane nao kurudi moja kwa moja, ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu. Hoteli gani ingetuketisha chini na kutueleza hivyo? Hapa alieleza mtu anayeitazama bahari hiyo kila siku, na alirudia hadi watoto wakaweza kumweleza yeye.

Sasa lililotuumiza. Tangazo liliandika mabafu mawili. Bafu ni moja. La pili ni choo chenye bomba la nje ukutani, basi. Watu 9, asubuhi moja, foleni ikafika baraza. Siku ya pili tangi likakauka mwenzetu akiwa na sabuni kichwani, tukasubiri dakika 40 pampu ijaze. Nilipowaandikia waliotuwekea nafasi kwenye intaneti, jibu halikuja mpaka tumeondoka, na lilikuwa la kuomba radhi tu. Wenye nyumba hawakujificha. Waliomba radhi hapo hapo, wakawa wanajaza pipa kila usiku, na sisi tukakubaliana kusuuza chumvi na mchanga kwenye bomba la nje kabla ya kuingia ndani. Baada ya hapo hatukukwama tena. Lakini mkiwa zaidi ya 5, waandikieni wenye nyumba muwaulize idadi ya mabafu, nao wajibu kwa maandishi.

Jiko lina sufuria za kutosha ila meko mawili tu, kwa hiyo pikeni kwa zamu. Kelele mwisho saa 4 usiku. Mtandao ni dhaifu. Viatu vya kuingilia majini ni vya lazima, miamba inakata.

Naipa nyota 4 kati ya 5, na iliyopungua ni ya bafu.

Nyota hizo 4, moja ni ya shangazi. Miaka mingi alikuwa hagusi maji kwa kuogopa kuanguka. Jioni ya tatu, maji yakiwa yamejaa na kusimama, hayaendi wala hayarudi, mwenye nyumba alibeba kiti cha plastiki akakikita kwenye kina cha magotini, mkewe akamshika shangazi mkono. Akakaa pale karibu saa nzima, gauni limefungwa kiunoni, viganja vyake vikipapasa maji huku na huku.

Tunarudi. Kinachotugawa ni tarehe. Shangazi anataka wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari isipopanda wala kushuka sana. Watoto wanataka bamvu, kwa sababu ya yule kaa.