Taa ya giza: ilizimika dakika ya 11, nikaambiwa nikanunue tiketi

Hii ni tathmini ya taa ya tiba ya mwanga, ile nyeupe kali unayokaa mbele yake asubuhi huku ambako jua halipo. Niliweka nyota moja, nikafuta. Nikaweka nne, nikafuta tena. Someni tu, nyota tutazijua huko mbele.

Naishi Tromsø, kaskazini mwa Norwei, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kwetu Tanga. Mtu wa Tanga ukimwambia kuna mji jua halichomozi anadhani unatunga hadithi, lakini huku ndivyo ilivyo: kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halionekani. Mchana anga inakuwa bluu kwa saa chache, bluu ya wino uliomwagiwa maji, halafu usiku unarudi. Saa zetu sisi zinahesabiwa toka kunapokucha. Mama akinipigia na kuuliza huko saa ngapi, namjibu saa mbili asubuhi, naangalia dirishani naona nyota. Ukiishi hivyo wiki sita unaanza kujiona wewe ndiye mwongo.

Mwaka wa kwanza sikuhisi kitu, nilikuwa napiga picha tu. Wa pili ndio ulionipata. Nalala muda wa saa kumi na moja, naamka nimechoka kama niliyebeba magunia. Mkate na vitu vya sukari nikivianza sijui kuacha. Simu inaita, naiangalia mpaka inyamaze. Mama akasema nimetupiwa jicho, akataka niandikiwe kombe, zile aya zinazooshwa kwa maji ukayanywa. Nikamwambia mama, kombe haliendi kwa WhatsApp. Hakucheka.

Daktari aliniambia ni sonona ya majira, inayokuja na giza na kuondoka na mwanga. Alipima na damu, vitamini D ikawa chini, akasema ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza, na huku hata la kuanzia halipo. Akaniandikia mafuta ya ini la chewa, yale wenyeji wanayoita tran. Wazee kazini wana kanuni yao: tran hunywewa miezi yote yenye herufi r katika jina, na kwa Kinorwei hiyo ni toka Septemba hadi Aprili. Nikawahesabia ya Kiswahili. Januari, Februari, Aprili, basi. Wakacheka sana. Ila tran ni kwa vitamini, na taa ni kitu kingine kabisa. Watu wengi wanachanganya hapo. Taa hii haikupi vitamini yoyote. Mwanga wake unaingia kwa macho na kuuambia ubongo kwamba kumekucha, uache kumwaga homoni ya usingizi. Kwa hiyo ukiiwasha huku umefumba macho, umejiwashia bure. (Mwenye ugonjwa wa macho, au mwenye hali ya kupanda na kushuka sana kiakili, aanze kwa daktari, asinifuate mimi.)

Kilichonipa moyo ni kwamba daktari aliyeandika kuhusu maradhi haya mwaka 1984 na kuyapa jina, Norman Rosenthal, alitoka Afrika Kusini. Alihamia Marekani, majira ya baridi yakamkuta, akajiona anabadilika, akajua si kwa bahati mbaya tu. Mtu wa bara letu ndiye aliyeshtuka. Wenyeji nadhani walishazoea kuona ndivyo dunia ilivyo.

Sasa taa. Ukubwa na wati mtasoma kwenye boksi. Nilikuwa naiweka mezani pembeni ya kikombe, umbali wa mkono, nusu saa kila asubuhi kabla ya zamu, naangalia chai yangu, sikodoi macho kwenye taa yenyewe. Wiki ya kwanza nilijiona mpumbavu. Nimekaa peke yangu jikoni nimemulikwa kama samaki wa kukaanga kwenye meza ya Forodhani. Wiki ya pili, sikumbuki siku gani, nilijikuta nimetwanga tangawizi. Wenye kujua watanielewa. Kwa miezi miwili nilikuwa natumbukiza pakiti ya chai kwenye maji ya bomba la moto na kunywa hivyo hivyo. Siku hiyo nilitwanga tangawizi, nikatia na hiliki, na kabla maziwa hayajachemka nikasikia mtu anaimba taarabu. Ni mimi. Siku hiyo ungeniuliza, ningetoa nyota zote na za jirani.

Halafu ikaanza mchezo wake. Inawaka vizuri, nakaa, tik, giza. Nabonyeza, haiwaki. Naisubiri ipoe, inawaka, tik. Siku ya tatu nikaweka saa ya simu. Dakika ya 11. Kesho yake, 11 na nusu. Ilikuwa katikati ya Desemba au karibu na hapo, giza lenyewe la kukata kwa kisu.

Nikaifunga kwenye boksi lake, nikavaa meno ya chuma viatuni maana njia yote barafu, nikaenda dukani. Duka silitaji. Kaunta kulikuwa na kijana, mpole wa sauti, amevaa sweta zuri. Nikamweleza. Akaichomeka, ikawaka, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Inawaka."

Nikamwambia najua inawaka, isubiri dakika 11. Akasema hawezi kusubiri dakika 11, kuna foleni. Nikageuka kuangalia foleni. Bwana mmoja na betri zake. Nikamwambia basi mhudumie huyo, mimi nasimama hapa pembeni na taa yangu inawaka. Nikaweka saa ya simu juu ya kaunta. Nikasimama. Watu wanapita wananiangalia, mwanamke mweusi na koti lake kubwa amesimama mbele ya mwanga mweupe kama anasubiri kupigwa picha ya pasipoti. Dakika ya nane. Ya kumi. Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Ya kumi na tano.

Haikuzimika.

Wallahi haikuzimika. Nilitamani ardhi ipasuke. Labda kwa kuwa mlango wa duka ulikuwa unafunguliwa kila mara na baridi inaingia, haikupata moto. Nikajaribu kumweleza hilo, Kinorwei changu kikagoma, nikawa nasema "moto, moto" kama mtoto. Yeye akaichomoa taratibu, akaiviringisha waya vizuri kabisa, akairudisha kwenye boksi, akaniambia kwa ile sauti yake ya upole: "Labda si taa unayohitaji. Labda ni tiketi ya ndege."

Na akatabasamu.

Angenitukana ningejua la kumjibu, nimezaliwa Tanga mimi, mdomo ninao. Lakini tabasamu lile, na waya ameuviringisha vizuri, nikachukua boksi nikasema "takk". Asante! Nilimwambia asante! Nilitembea mpaka kituo cha basi nikilirudia lile neno "asante" na kujichukia, na usiku ule sikulala.

Mwenzangu wa kazini, mama mzaliwa wa hapa hapa, alisema huenda alitania, watu wa kaskazini utani wao mkavu, hata yeye angeambiwa hivyo hivyo aende Visiwa vya Canary kama wenzake. Nimelifikiria. Inawezekana. Kweli kabisa watu wa huku Januari wakipata nafasi wanakimbilia jua, na mimi nilisikia "rudi kwenu" pale ambapo yeye pengine alisema "nenda likizo". Nilikuwa mgonjwa, na mgonjwa husikia kwa sikio la ugonjwa. Sawa. Lakini kama ni utani, mbona yule bwana wa betri hakucheka? Aliangalia chini kwenye viatu vyake. Tuliosikia tulikuwa wawili.

Huyo huyo mama ndiye aliyenifundisha kwamba hapa mnunuzi ana haki ya kulalamikia kitu kibovu kwa angalau miaka miwili, dukani wapende wasipende, na kwamba usiende kuongea, andika. Tukaandika pamoja wakati wa mapumziko, nikaambatisha video tuliyoirekodi jikoni kwangu, taa na saa ya simu kwenye fremu moja, tik, 11:20. Jibu lilikuja la adabu sana. Tumeni ikaguliwe. Ikatumwa.

Wiki za kukaguliwa ndizo zinazoniharibia hesabu ya nyota. Sina taa, na giza lipo. Kuna bibi mmoja pale kazini, kavuka tisini, akaniambia mwanga ule wa bluu wa mchana ni mwanga, si usiku, nimtoe nje. Basi kila siku saa sita mchana namfunika mablanketi, namsukuma na kigari chake mpaka panapoonekana daraja, tunakaa robo saa, hatusemi neno, tunarudi. Sikupona. Ila sikuzama tena kama mwanzo. Sasa niambieni, iliyonitwangisha tangawizi ni taa, au ingekuwa hata dirisha?

Tarehe 21 Januari mji mzima hula maandazi ya kusherehekea jua kurudi, yana jamu ndani na sukari ya unga juu, na kusema kweli mandazi yetu ya hiliki yanayashinda. Tulitoka na bibi. Mawingu. Jua tuliliona siku kadhaa baadaye, ukingo tu juu ya mlima, dakika chache, bibi akavua kofia.

Taa mpya ikaletwa baada ya hapo. Mpya kabisa, bila barua, bila samahani. Nimeitumia majira haya ya giza toka mwanzo kabisa, kabla sijaanza kulala muda wa saa kumi na moja, na sijalala muda huo. Simu ya mama napokea. Kwa hiyo taa inasaidia, naandika hapa na naweka nyota nne.

Tatu. Nimekumbuka waya ulivyoviringishwa.

Inafika nusu saa bila kuzimika. Mimi tu ndio kila asubuhi ikikaribia dakika ya 11 nashusha kikombe na kusikiliza. Boksi sijalitupa, na risiti nimeibandika ndani ya kifuniko kwa selotepu.