Kifupa cha titani kwenye sikio la mtoto: uzoefu wangu wa upasuaji

Sauti hupita kutoka kiwambo cha sikio kwenda sikio la ndani kwa vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Mtoto ambaye fuawe imelika lakini kikuku bado kimesimama imara, mimi humwekea kifupa bandia cha titani. Ni chepesi, uzito wa miligramu chache tu, na kichwa chake kina matundu, kwa hiyo naona kikombe cha chini yake kikiketi juu ya kikuku. Titani pia haizuii kupimwa kwa MRI baadaye.

Kinachosumbua ni urefu. Vile vifupi, vinavyokaa juu ya kikuku, huwa kati ya milimita 2 na 3.5 hivi, nami hujaribisha kwanza kwa kipimio kabla ya kufungua pakiti yenyewe. Kikizidi hata nusu milimita, kinaegemea upande au kinakandamiza kikuku, na mtoto anaamka na kizunguzungu. Kikipungua, kinaanguka kiwambo kinapopona. Kilichotoshea hukaa bila kushikizwa, na ukiigusa nyundo kidogo unaona kikuku kikitikisika.

Titani tupu isiguse kiwambo, itakitoboa na kutokea nje. Nachukua gegedu ya mbele ya tundu la sikio, naichonga ibaki kama nusu milimita, naitandika katikati. (Unene huo uingize kwenye hesabu ya urefu, wengi husahau.)

Adui mkubwa kwa watoto ni mrija unaotoka sikioni kwenda nyuma ya pua: bado mfupi, umelala, huziba kwa kila mafua. Hewa isipoingia, kiwambo hunyonywa ndani na kukivuta kifupa. Penye usaha au kolesteatoma (ngozi inayojikusanya nyuma ya kiwambo na kula mifupa) nasafisha tu. Kifupa kinasubiri miezi 6 hadi 12.

Fuawe ya mtoto mwenyewe, ikichongwa upya, haina gharama na mara chache hutoka. Iliyoguswa na kolesteatoma siirudishi kamwe. Ncha ikiwa imelika kidogo tu, saruji ya mifupa inatosha.

Wiki za mwanzo sikio limejaa sponji ya jelatini, basi mzazi asihukumu mapema. Kwenye kipimo cha usikivu, pengo kati ya sauti inayosikika kupitia hewa na ile ya kupitia mfupa likishuka hadi desibeli 20 au chini, nimeridhika. Palipobaki kitako cha kikuku pekee (bamba lake la chini), kifupa kirefu kinachosimama juu yake hukosa mshiko na hupotoka kwa urahisi. Hapo natoa nyota mbili tu kati ya tano, na familia naieleza pia kuhusu kifaa cha mkanda kinachopitisha sauti kwenye mfupa wa kichwa.