Nimefanyiwa skani ya PET ya vipokezi vya serotonini (sehemu za seli za ubongo zinazopokea kemikali hiyo), haya ndo maoni yangu

Kama ulikuwa kwenye kokeini na umeombwa ujitolee kwenye utafiti wa kupiga picha ubongo, mi nimeshafanyiwa na naipa alama nzuri, ila usiende ukidhani utatoka na dawa au majibu yako binafsi.

Unaanza na MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha, hiyo ni kelele tu, inawapa ramani ya ubongo wako. Kazi iko kwenye PET. Unachomwa kitu chenye mionzi kidogo kinachoenda kunata kwenye vipokezi vya serotonini halafu mashine inasoma kimenata wapi kwa wingi na wapi kidogo, na muda wote huo umelala umevalishwa barakoa ya plastiki iliyolainishwa kwa maji moto ikashika umbo la uso wako ili kichwa kisicheze, na mrija mwembamba uko kwenye kifundo cha mkono unachota damu. Hapo mkononi panauma jamani, omba ganzi. Na kama sindano zinakurudisha mbali sema mapema, mi nilisema na yule nesi akakaa pembeni yangu mpaka mwisho, sitamsahau.

Kilichoniudhi ni kuahirishwa dakika ya mwisho, nishajiandaa kila kitu ndo naambiwa ile dawa ya mionzi ya kuchomwa imefeli ukaguzi. Ile ya kaboni-11, kaboni yenye mionzi, inapungua nusu kila dakika 20 hivi, inatengenezwa na saiklotroni (mashine ya kutengeneza vitu vya mionzi) siku hiyo hiyo na haiwekwi akiba, sawa nimeelewa, lakini wangetuambia tangu mwanzo maana mtu anayepambana na hamu ya kokeini siku yake ikivurugika ghafla ni hatari kweli.

Watu wanauliza kwa nini serotonini wakati kila siku tunasikia dopamini, kemikali nyingine ya ubongo. Kokeini inazuia zote mbili zisirudishwe ndani ya seli, pamoja na noradrenalini. Mwaka 2014 watafiti wa Yale kule Marekani walionyesha kwamba vipokezi aina ya 1B, vile vinavyosaidia kudhibiti serotonini itoke kiasi gani, vilionekana pungufu kwa waraibu wa kokeini kwenye baadhi ya sehemu za ubongo. Ila hiyo ni wastani wa kundi, na skani peke yake haisemi kama kokeini ndo ilivipunguza au mtu alikuwa hivyo toka zamani. Picha yangu niliionyeshwa, manjano na nyekundu kibao, nikauliza mi nimeharibika wapi, daktari akanijibu wazi kwamba kwa picha ya mtu mmoja hawezi kusema. Niliumia, lakini bora hivyo kuliko kudanganywa.

Hadi leo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha dawa hata moja ya uraibu wa kokeini, kwa hiyo bila watu kama sisi kulala kwenye ile mashine sijui hiyo dawa itatafutwa wapi. Kabla ya kusaini uliza kiasi cha mionzi, wakikuambia usiwe na mimba wanamaanisha, na nenda na mtu wako wa kukurudisha nyumbani.