Mgahawa wa Mbuyuni ambako majani hayana bei

Mgahawa huu mdogo, ulio hatua chache kutoka Soko la Mbuyuni mjini Moshi, umeandika ubaoni kwamba ugali na mboga mbili ni shilingi 4,500. Nilipoagiza nikiwa na mnafu na nyanya chungu akilini, mhudumu aliniuliza kwa upole, "Mama, nyama na samaki, au nyama na maharage?" Sikumlaumu, kwa kuwa kwetu mboga ni chochote cha kulia ugali, hata kama jana kilikuwa zizini, na majani ndiyo yanayolazimika kuongezewa jina yakaitwa mboga za majani. Hapa huletwa bure pembeni ya sahani, kijiko kimoja, bila mteja kuulizwa.

Kijiko hicho ndicho kilichonirudisha mara tatu. Mnafu wao huchambuliwa vizuri, ukachemshwa kiasi cha kupunguza uchungu bila kuumaliza, kisha ukaungwa kwa kitunguu na maziwa, hata ule uchungu uliosalia ukawa ndio ladha yenyewe. Nyanya chungu hukatwa mapande na kutumbukizwa katika mchuzi wa nyama, ambako hulainika na kunyonya mchuzi kiasi kwamba mimi huzila kwanza na nyama baadaye. Mchicha ni wa kawaida, na kachumbari ilizidi chumvi siku zote tatu.

Siku ya makande tulipewa kipande cha parachichi badala ya majani, na mwenzangu akanung'unika kwamba hilo ni tunda. Kwa mtaalamu wa mimea ni kweli, ila kwake hata bamia, bilinganya na nyanya ni matunda. Mahakama ya Juu ya Marekani, ilipoamua mwaka 1893 katika kesi ya ushuru kwamba nyanya ni mboga, ilitazama jinsi watu wanavyoila, yaani pamoja na mlo na si kama kitu kitamu cha kumalizia. Kwa kipimo hicho parachichi letu, lililonyunyiziwa chumvi na kuliwa na makande, lilikuwa mboga halali.

Kasoro yao kubwa ni moja. Nilipotaka mnafu uwe mboga yangu ya pili, sahani nzima na kwa kulipia, mhudumu alikwenda jikoni kuuliza, akarudi na jibu kwamba majani hayana bei, akaniongezea kijiko. Atakayekwenda afike kabla ya saa saba mchana. Nyama hubaki hadi jioni, mnafu huisha.