Usukani bila gari: laki tatu na nusu yangu ilivyokwenda

"Baba Junior, usukani umeununua, gari lenyewe liko wapi?" Ndivyo mke wangu alivyonipokea mlangoni hapa Sakina, Arusha, mwezi wa nne, masika imekolea na watalii hakuna. Mimi ni dereva wa watalii. Msimu huo Land Cruiser ya bosi inalala, na posho inalala nayo. Ndio wakati pekee ninaopata nafasi ya Starlet yangu, ambayo Jumapili huwa naizungusha na wenzangu watatu kwenye kiwanja cha murram cha jamaa mmoja kule Usa River. Alama za kona ni ndoo tupu za rangi.

Sasa kila Jumapili ni petroli, na matairi ya mbele yanaisha kama maandazi ya asubuhi. Nikaona nifanyie mazoezi nyumbani: ninunue usukani wa gemu ya kompyuta, wa mtumba, kwenye duka moja la vifaa vya kompyuta mjini. Una mota ndani inayokupa uzito mikononi, unazunguka digrii 900, yaani raundi mbili na nusu, na una pedali tatu. Muuzaji aliapa kwamba haujatumika. Ngozi yake ilikuwa inang'aa kwa jasho la mtu mwingine.

Usukani wenyewe sina ugomvi nao. Meno ya gia za ndani yanapiga kelele, usiku mtoto anaamka, lakini matairi ya mbele yakiishiwa mshiko unalijua hilo kwenye viganja: usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama umekata kamba.

Ugomvi ulikuwa kwenye pedali ya breki. Breki ya gari inashuka kidogo halafu inakuwa ngumu, na kuanzia hapo unachoongeza ni nguvu ya mguu tu. Mguu unakumbuka nguvu, haukumbuki umbali. Hii ya gemu inapima pedali imeshuka kiasi gani, na springi yake ilikuwa laini kama ya klachi, hivyo kati ya breki ya asilimia 60 na ya asilimia 80 mguu hauoni tofauti. Tena ilikuwa inaruka: hujaigusa, kompyuta inaonyesha umekanyaga. Nikampelekea fundi redio mmoja maeneo ya soko la Kilombero. Akaifungua, akapuliza vumbi, akasafisha kile kidude cha kupimia kwa spiriti. Elfu tano. Halafu akaibonyeza springi kwa kidole gumba, akatazama miguuni kwangu. "Kaka, hizo kandambili bado unazihitaji?"

Tulikata kisigino cha ile ya kulia, tukatoa vipande viwili vya mviringo, akavishindilia katikati ya springi. Sasa mwanzo pedali inashuka, mbele unasukumana na mpira. Sitanii, katika vyote nilivyolipia, hakuna kilichonifundisha kama hicho kisigino.

Gemu ni Assetto Corsa ya Waitaliano. Ni ya 2014, kwa hiyo kompyuta yangu ya kizamani inaimudu nikizima vivuli. Nilisubiri punguzo, nikaishusha kwa bando la usiku, siku tatu. Kosa langu: nilikimbilia Ferrari na Nürburgring, sakiti ya mbio ya Ujerumani, ile ndefu ya karibu kilomita 21, yenye kona zaidi ya 70. Mpaka uirudie kona uliyoharibu, umeshasahau uliiharibu vipi. Wiki nzima ikapotea hivyo. Nikahamia Magione, kisakiti cha Italia cha kilomita 2.5, na Abarth 500, kigari kinachovutwa na magurudumu ya mbele kama Starlet. Mizunguko ishirini kila usiku. Muda bora siuangalii, naangalia mzunguko wangu mzuri na mbaya vimepishana kiasi gani.

Kilichobadilika ni jinsi ninavyoachia breki. Zamani nilikuwa naachia yote kwa mpigo ndipo nakata kona. Pua inanyanyuka, matairi ya mbele yanakosa uzito, gari linanyoosha tu kama ng'ombe aliyeona maji. Siku hizi mguu unatoka taratibu huku mikono ikizungusha, uzito unabaki mbele, na pua inaingia yenyewe.

Mwisho wa Mei tukarudi Usa River. Mwili uko kwenye Starlet, kichwa kiko Magione. Nikachelewesha breki kama niko kwenye lami ya Italia. Starlet yangu haina ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge. Magurudumu yakafunga, nikaenda kusalimia mahindi ya jirani. Nililipia mistari miwili, na bibi mwenye shamba alinihesabia shina kwa shina. Kwa hilo, gemu haikusaidii. Mkia wa gari ukianza kuondoka unausikia kiunoni, na kiti cha plastiki cha sebuleni hakina habari hizo. Woga nao haupo. Ukigonga unabonyeza kitufe, unaanza upya.

Jumapili ya tatu mwenzangu akanipima kwa simu, mizunguko kumi. Mwezi wa tatu, mzunguko wangu mzuri na mbaya vilikuwa vinapishana zaidi ya sekunde nne. Sasa ni moja na nusu. Mzunguko bora wenyewe umepungua nusu sekunde tu, na matairi ni yale yale.

Ningeununua tena? Kwa laki tatu na nusu, ndiyo. Wakikuambia laki sita, kanunue pedi za breki, mafuta mapya ya breki na matairi mawili ya mbele. Na usitoe hela kabla haujachomekwa kwenye kompyuta palepale dukani: kanyaga breki polepole, tazama ule mstari kwenye skrini unavyopanda. Ukirukaruka, punguziwa bei au ondoka. Mimi sikujaribu, nilikuwa na haraka kama mtoto.

Kandambili ya kushoto bado ninayo, kama kuna mwenye breki laini.