Miezi minane na kengele ya baruapepe kwenye gesti yetu ya Chake Chake

Mwezi wa Juni mwaka jana tulikosa wageni sita kwa sababu ya barua iliyokaa siku mbili bila kufunguliwa. Walikuwa Wajerumani wanaosafiri kutazama ndege. Walitaka vyumba vitatu kwa siku nne mwezi wa Agosti, gari, na mtu wa kuwapeleka msitu wa Ngezi usiku wakamsikilize bundi wa Pemba, ambaye haishi popote duniani ila kisiwa hiki. Barua iliingia Jumanne saa tatu za usiku, nami nikaiona Alhamisi mchana. Nilijibu papo hapo. Wakanirudishia jibu la adabu kwamba wameshapata pengine.

Gesti yetu ina vyumba vitano tu, ninaiendesha mimi na dada yangu. Kundi kama lile likipotea, mshahara wa mpishi unatafutwa kwa tochi.

Simu yangu ilikuwa na ile barua tangu Jumanne. Lakini simu hiyo hiyo ina kundi la ukoo, kundi la harusi ya mtoto wa ami, kundi la madereva na kundi la wauza samaki wa Wesha. Taarifa ya baruapepe ikiingia saa tatu, mpaka saa nne imeshafunikwa na meseji arubaini. Nikaona nahitaji kitu kimoja kwenye kompyuta ya mapokezi ambacho kazi yake ni kuangalia masanduku ya barua na kuniambia tu. Nikaweka POP Peeper, toleo la bure, kwenye kompyuta yetu ya zamani ya Windows. Inakaa kule chini pembeni ya saa, haisumbui, na kompyuta haikuonyesha kuelemewa.

Tuna masanduku matatu: la gesti lenye jina letu wenyewe, la Gmail ambalo liko kwenye kibao cha rangi barabarani tangu tulipoanza, na la dada la hesabu na tiketi za boti. Awali nilikuwa nafungua moja, nafunga, nafungua jingine. Sasa yote matatu yako kwenye dirisha moja, na programu inayabishia hodi kila baada ya dakika 10.

Kilichonifurahisha kupita vyote ni kwamba inaweza kuleta kichwa cha barua peke yake: nani kaandika, kuhusu nini, lini, uzito gani. Mtu aliyezoea intaneti ya kasi hawezi kujua raha yake. Mgeni akituma picha za megabaiti 9, zikifungwa ndani ya barua zinakua kwa thuluthi moja, zinakuwa kama 12, kwa sababu picha hugeuzwa kuwa maandishi ili ipite. Kwa bando letu, na mtandao wa mchana wa hapa, hiyo ni safari. Lakini kichwa cha barua ni kilobaiti chache tu. Utaratibu wa POP3, ambao programu huutumia kuchukua barua kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayozitunza, na ambao maelezo yake yanayotumika hadi leo ni ya mwaka 1996, una amri ya kuomba vichwa tu na nyingine ya kuomba namba ya utambulisho ya kila barua, na kwa namba hizo programu hujua ipi imeshaonekana na ipi ni ngeni. Barua taka naifuta huko huko kwenye seva, haijagusa kompyuta yangu.

Na barua nikiifungua humo naisoma kama maandishi matupu, bila picha wala mapambo. Mwezi wa Novemba ilikuja moja inayosema malipo ya mgeni yamekwama, bonyeza hapa uthibitishe akaunti. Kwenye simu ingekuwa na nembo na rangi zote. Kwenye maandishi matupu nililiona lile kiungo linaelekea kwenye anuani isiyo na uhusiano wowote na kampuni iliyotajwa. Nikafuta, nikamwita dada akaiona kabla sijaitoa kwenye pipa, kwa sababu yeye ndiye anayeshika pesa.

Kila sanduku lina mlio wake. La gesti linalia kengele kavu mara mbili, la dada linatoa mlio mdogo, la Gmail lipo kati. Hili limebadilisha kazi yetu kuliko nilivyotarajia. Binti wa dada yangu, yuko darasa la sita skuli, akirudi mchana hukaa pale mapokezi na madaftari yake. Nikiwa nyuma kwenye pampu ya maji nasikia: "Mjomba, imelia ya wageni!" Hajui barua inasema nini na hana haja ya kujua. Najua ninawe mikono niende.

Sasa niseme shida, maana zipo, na karibu zote zinahusu kimya. Kengele isipolia, unadhani hakuna barua. Mimi nimejifunza kwa gharama kwamba kimya kina sababu nyingine.

Wiki ya kwanza Gmail ilikataa kabisa. Nenosiri lilikuwa sahihi, nimeliandika kwa mkono wangu, na bado ilikataa. Nilipoteza nusu siku. Ukweli ni kwamba tangu tarehe 30 Mei 2022 akaunti za kawaida za Google hazipokei tena nenosiri tupu kutoka kwenye programu za nje. Ama programu ikupeleke kwenye ukurasa wa Google wenyewe utoe ruhusa, ama uwashe uthibitisho wa hatua mbili kisha utengeneze nenosiri maalumu la programu, herufi 16. Nilichukua njia ya pili. Ni kinga nzuri, laiti ningeijua mapema nisingemlaumu mtoto kwamba kabadilisha nenosiri.

Kimya cha pili kilidumu siku tatu. Sanduku la gesti halikulia hata mara moja, na mwezi ulikuwa Julai, msimu umechanganya. Kumbe kompyuta ndogo ya dada chumbani ilikuwa na programu ya barua iliyowekwa miaka mingi nyuma, inachukua kila kitu kwa POP3 na kukifuta kwenye seva. Kila akiifungua inazoa barua zote, na kengele yangu ikija kuuliza inakuta sanduku tupu. Haikusema uongo. Barua kumi na moja zilikuwa zimelala kwa dada, naye akidhani nimeshaziona. Tulihamisha sanduku lile kwenda IMAP, utaratibu mwingine wa kusomea barua, ambao kwenye mipangilio unatumia mlango (port) wa 993, kwenye vifaa vyote. Sasa barua zinabaki kwenye seva, na niliyoisoma kwenye simu inaonekana imesomwa kwenye kompyuta pia. Ukiwa na sanduku moja linalosomwa na watu wawili, anza na IMAP siku hiyo hiyo.

Mara ya tatu cheti cha usalama cha seva, kinachoihakikishia programu kwamba seva ni yenyewe, kiliisha muda wake. Kampuni iliyotuuzia anuani, siitaji, ilisahau kukihuisha. Programu ilikataa kuunganika na ikaonyesha alama ya hitilafu kule chini, lakini alama ni ndogo na macho yangu yalikuwa yanangoja sauti. Nikagundua jioni. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya chai, najitumia barua moja kutoka kwenye simu kwenda sanduku la gesti na kungoja kengele. Ikilia, siku imeanza.

Lipo pia jambo la umeme. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, ulioanza kazi mwaka 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tunaishi kwa majenereta ya Wesha. Mambo yamekuwa afadhali mno, lakini unakatika, na kompyuta ikizimika kengele imezimika nayo. Nilinunua betri ya akiba ambayo inashika kompyuta na ruta kama dakika arubaini. Baada ya hapo narudi kwenye simu.

Maandishi ya programu tunayatumia kwa Kiingereza, na dada hakipendi. Nimemwandikia karatasi yenye vitu vitatu anavyovihitaji, nikaibandika ukutani karibu na kalenda. Haijamsumbua tena.

Usiku ndio bado unanikera. Wajerumani na Wataliano wako nyuma yetu saa moja wakati wao wa joto, saa mbili wakati wa baridi, na huandika wakishakula. Kwa hiyo barua nzuri huingia baina ya saa tatu na saa tano, wakati mapokezi pamefungwa. Tangu Disemba nimehamisha spika ndogo kwa waya mrefu mpaka barazani tunapokaa baada ya Isha, na kompyuta naiacha mpaka saa tano. Juzi ililia kengele kavu mara mbili tukiwa tunakunywa kahawa: watu wanne, vyumba viwili, wanataka kwenda kisiwa cha Misali kuogelea. Nilijibu ndani ya robo saa. Wamelipa arubuni jana.